Ukiipenda Picha, Ijibu

Kozi nyingi za upigaji picha humtaka mwanafunzi achague wapiga picha anaowahusudu, kisha aeleze kazi zao zimemgusa vipi. Kurasa nyingi za zoezi hilo hujaa tarehe za kuzaliwa, tuzo na sifa ambazo zingemfaa mpiga picha yeyote. Inasikitisha, maana sijaona zoezi linalofundisha kuona kama hili. Mimi bado mwanafunzi, na vidokezo hivi ndivyo ninavyovitumia.

1. Funika maelezo, tazama picha

Weka kipande cha karatasi juu ya maandishi yaliyo chini ya picha. Chukua ile ya mama mhamiaji iliyopigwa na Dorothea Lange huko Nipomo, California, Machi 1936. Kabla hujasoma lolote kuhusu mdororo wa uchumi wa Marekani, orodhesha kilichomo: mkono ulioshika shavu, mtoto mchanga mapajani, watoto wawili walioegemea mabega ya mama na kugeuza nyuso zao. Jicho langu huwaendea hao wawili kwanza. Kwa kuwa nyuso zao zimefichika, huzuni yote ya fremu inaelemea uso mmoja tu. Hilo nimeliona mwenyewe, na ukurasa wangu unaanzia hapo.

2. Kisha funua, uchimbe

Siku ile Lange alipiga picha kadhaa, na ukizipanga unamwona akisogea karibu, hema likipungua na mama akijaa kwenye fremu. Zitafute zote, picha ndugu hueleza mengi kuhusu ile iliyochaguliwa. Endelea kuchimba, utakuta kwamba jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilijulikana hadharani mwaka 1978 tu, na kwamba alilalamika kuwa picha iliyozunguka dunia nzima haikumpa hata senti. Bado naihusudu kazi ile. Lakini sasa ukurasa wangu una malalamiko pia, nami nayaacha yakae hapohapo kando ya sifa. Mwalimu mzuri hatakutaka uchague upande.

3. Tumia jicho ulilolelewa nalo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojidharau.

Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera ya negativu kubwa za sentimita 13 kwa 18, na mara nyingi mteja alipigwa picha mara moja tu kwa sababu vifaa vilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha pazia, na miaka mingi baadaye mapazia hayo yakamsaidia kukumbuka picha ipi ni ya lini. Saa, redio, kalamu, hata pikipiki ya Vespa, vyote vilikuwapo kwa mteja aliyetaka kupendeza zaidi.

Baadhi ya vitabu vya sanaa humweleza Keïta kwa kumlinganisha na wachoraji wa Ulaya. Sawa. Ila wewe uliyekulia nyumba yenye kanga unajua jambo ambalo mwandishi wa vitabu hivyo huenda halijui: unajua kusoma kitambaa. Unajua pindo linavyoukumbatia mji, na namna nakshi mbili zinavyoweza kukaa pamoja bila kugombana. Tazama picha zake za wanawake waliovaa nguo za maua mbele ya pazia lenye maua, ujiulize ni nini kinachouzuia mwili usipotelee ndani ya nakshi. Jibu langu ni mikono na uso: sehemu pekee zilizo tupu katika fremu iliyojaa. Ndiyo maana mikono ya watu wa Keïta inaonekana kuwa na heshima kubwa. Andika hayo kwa maneno ya nyumbani kwenu, usiyaombee radhi.

Uliza pia ukubwa wa picha. Wateja wa Bamako walipewa nakala ndogo za kushikwa mkononi. Zile kubwa za ukutani zilichapishwa miaka ya 1990, alipoanza kuonyeshwa Ulaya na Marekani. Unayoipenda ni ipi kati ya hizo mbili?

4. Taja mwanga ulikotoka

Tazama vivuli chini ya pua na nukta nyeupe ndani ya macho. Sentensi moja inatosha.

5. Piga marufuku neno "nzuri"

Na "ya kuvutia" pia. Yakikukatalia kutoka, rudi kwenye picha. Bado hujaitazama vya kutosha.

6. Jibu kwa kamera

Henri Cartier-Bresson alikuwa kijana aliyesomea uchoraji alipokutana na picha ya Martin Munkácsi, Mhungaria, ya wavulana watatu wakikimbilia majini. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa vitabu vingine huiandika kuwa ni ya Liberia. Msomaji wa Kigoma aitazame, kisha aseme kama anayatambua mawimbi yale. Cartier-Bresson alisimulia mara nyingi kwamba hiyo ndiyo iliyomsukuma kwenye upigaji picha. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, akampiga picha mtu akiruka dimbwi, mguu ukiwa bado haujagusa maji. Hakuna wavulana, hakuna ziwa. Kilichobaki ni miili myeusi dhidi ya mwanga, maji, na sekunde ambayo ingepotea.

Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyojibu. Chagua kitu kimoja tu kutoka kwa unayemhusudu, iwe mwendo, umbali au pazia, ukakitafute stendi ya daladala, sokoni au barazani kwenu. Ukichukua vyote kwa pamoja utakuwa umenakili.

7. Orodha yako iwe na wa karibu

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanzania. Picha za video alizopiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 ndizo zilizoiamsha dunia kuhusu njaa iliyokuwako huko. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na harusi na familia nyingi za mjini zimepita mbele ya lenzi yake. Wanastahili kurasa ndefu kama wanavyostahili wa Paris na New York.

Wapo pia wale ambao majina yao yamebaki kwenye mhuri nyuma ya picha za bibi zetu. Toa albamu ya nyumbani wiki hii, geuza picha moja, usome mhuri huo. Muulize bibi studio ilikuwa mtaa gani, nguo zilikuwa za nani, na nani alimwambia asicheke. Andika majibu yake akiwa bado anayakumbuka.