Karatasi ya Dada: Somo Juu ya Vipimo vya Herpesi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwaka huu nimeuliza sana, na makala haya ni matunda ya kuuliza huko. Usidhani namwanika mtu wa kwetu. Dada yangu mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika tu, wengine wasilie bure kama mimi."

Sisi twakaa Kongo, pale Kawangware. Mwezi wa Aprili dada alishikwa na homa, na ilipokuwa ikimtoka akaota malengelenge mdomoni. Watu wa ploti wakaanza kunong'ona. Kwa kuwa alikuwa ameposwa, aliona aibu, akaenda kwenye maabara moja ndogo akatolewa damu. Jioni alirudi na karatasi: "Herpesi simpleksi, IgG: chanya." Maelezo aliyopewa yalikuwa maneno mawili tu: "Ya zinaa." Mchumba wake akaisoma, akaikunja, akaenda zake. Wiki tatu hakupiga simu.

Nami nikayanakili maneno yale daftarini, nikampelekea mwalimu wetu wa Biolojia. Haya ndiyo aliyonifunza.

Kwanza, herpesi ni ukoo mzima. Virusi vya ukoo huu vinavyoishi ndani ya binadamu ni vya aina nane. Aina ya kwanza hupenda mdomo. Ya pili hupenda sehemu za siri. Ya tatu huleta tetekuwanga. Ya nne ni Epstein-Barr, ya tano ni saitomegalo. Ya sita na ya saba huwapa watoto wachanga homa na vipele, na ya nane husababisha saratani ya Kaposi. Wote wana tabia moja: wakishaingia mwilini hawatoki. Hujificha, na siku kinga ikilegea huamka.

Hapo nikamkumbuka mama mmoja, jirani yetu tulipokuwa Kibera. Alitokwa na mkanda wa jeshi, watu wakatenga hata kikombe chake wakisema ni Ukimwi. Kumbe mkanda ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka! Ni kweli kwamba virusi vya Ukimwi hupunguza kinga na kuuamsha mkanda, ndiyo sababu daktari humshauri mgonjwa apimwe. Lakini uzee pia huuamsha. Mkanda peke yake haumwambii mtu kama ana Ukimwi au hana.

Pili, kuna vipimo vya namna mbili, na kila kimoja hujibu swali lake.

Cha kwanza ni kupima kidonda. Mpimaji hupitisha kijiti chenye pamba kwenye lengelenge lingali bichi. Maji yale hupimwa kwa njia iitwayo PCR, ambayo huzidisha chembe za urithi za virusi mpaka zionekane. Kipimo hiki hujibu: ni virusi gani vilivyo katika kidonda hiki leo? Kidonda kikikauka, nafasi ya kuvipata hupungua.

Cha pili ni kupima damu. Hapa hatutafuti virusi bali kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda kupigana navyo. IgG ni askari wanaobaki miaka mingi. Wakionekana, maana yake ni kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi hivyo, pengine ukiwa na miaka mitatu. Hawasemi ni lini, hawasemi ni nani aliyekuambukiza, wala hawasemi kidonda cha leo kimeletwa na nini. Tena askari hawa huchukua wiki kadhaa kuonekana, hata miezi mitatu, kwa hivyo "hasi" ya mapema pia yaweza kudanganya.

Zaidi ya hayo, karatasi ya dada haikutaja aina. Ili kutenganisha aina ya kwanza na ya pili, maabara hutafuta kingamwili za protini iitwayo glikoprotini G. Hata hapo tahadhari inahitajika. Wachunguzi waliopima damu za watu wa Uganda na wa Kisumu waligundua kwamba kuna kipimo cha aina ya pili kilichotoa huku kwetu majibu mengi ya chanya yasiyo ya kweli. Jibu kama hilo hufaa kuhakikishwa kwa kipimo kingine.

Tena, aina ya kwanza wengi wetu huipata utotoni, kwa kubusiwa tu na jamaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2016 watu bilioni 3.7 wa chini ya miaka 50 walikuwa nayo. Hao wote ni wazinzi?

Mwalimu akanipa mfano wa karibu, wa ndugu yake Epstein-Barr. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba taya kwa saratani. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka wa 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Baadaye kipimo cha damu kilipopatikana, ikajulikana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na wengi hawaugui kamwe. Ndiyo maana mpaka leo saratani ya Burkitt huthibitishwa kwa kukata kipande cha uvimbe na kukichunguza kwa hadubini. Damu peke yake haitoshi.

Sisemi herpesi ni mchezo. Aina ya pili huambukizwa kwa kujamiiana, hurahisisha kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na yaweza kumdhuru vibaya mtoto anapozaliwa. Dawa ya kuitoa kabisa mwilini haipo, lakini asaiklova huituliza. Mwenye vidonda amwone daktari.

Basi nilimsomea Mama daftari langu. Mama akampigia simu mchumba: "Mwanangu, na wewe umepimwa?" Akaenda kupimwa mahali pale pale. Karatasi yake ilisoma vilevile: chanya. Alirudi Jumapili, kichwa chini. Dada hakumkaribisha chai siku hiyo. Alimwambia, "Ungeuliza kwanza." Mpaka ninapoandika, posa ingalipo, lakini dada ndiye anayefikiria.

Zoezi
1. IgG chanya ina maana gani, na haina maana gani?
2. Kwa nini kidonda hupimwa kingali kibichi?
3. Jirani yako ametokwa na mkanda wa jeshi. Utawaambia nini watu wa ploti?