MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Likizo iliyopita binamu yangu, aliyekuwa weita katika hoteli moja mjini Karatina, alirudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa amefanya kazi miezi mitatu, akalipwa mmoja tu. Alipouliza, bosi alimwambia, "Wee kijana, sahani ulizovunja nani atalipa? Na barua ya kazi iko wapi?"

Nilianza kuulizia kwa wanaojua. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua wa siku alipwe siku hiyo hiyo ikiisha, na wa mwezi alipwe mwisho wa mwezi. Hata mchuma chai wa Othaya anayelipwa kwa kilo, mwezi ukiisha anadai zake.

Pili, mwajiri anaweza kukata pesa za kitu kilichoharibiwa kwa makusudi. Sahani iliyoteleza kwa bahati mbaya haimo. Tena, makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Tatu, kukosa barua si kukosa haki. Mapatano ya mdomo pia ni mkataba. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akose kutoa maandishi, ni juu yake kuthibitisha kwamba mapatano anayotaja mfanyakazi si ya kweli.

Sasa, aliyedhulumiwa aende wapi? Aanzie ofisi ya leba, ambako afisa husikiliza pande zote mbili. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi hata hapa Nyeri. Lakini asilale! Miaka 3 ikipita, madai yake hayasikizwi tena.

Binamu yangu hakuwa na barua, ila alikuwa na daftari. Kila jioni aliandika tarehe, saa alizofanya kazi na kila shilingi aliyopewa. Afisa wa leba alilisoma ukurasa kwa ukurasa, bosi akiwa ameketi papo hapo kimya. Mwezi mmoja umekwisha kulipwa. Wa pili bado anaufuata.

Basi ndugu msomaji, ukipata kibarua cha likizo, kiwe cha kahawa au cha dukani, nunua daftari kabla hujaanza kazi. Wahenga hawakukosea.