Kabla ya Kujinyima, Panga Utakavyorudi Mezani

Mlo wa chini ya kalori 800 kwa siku hukata kilo haraka, hilo halina ubishi. Shida ni mwaka unaofuata. Watafiti wa Melbourne waliwaweka watu 50 kwenye mlo wa namna hiyo kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, waliosalia kwenye utafiti walikuwa na njaa kuliko kabla ya kuanza, na homoni za njaa bado zilikuwa juu. Ndiyo maana mpango wa kurudi kula hutangulia.

Kwanza mwone daktari. Anayemeza dawa za kisukari au presha akikata chakula dozi ikiwa ileile, anaweza kuanguka. Mawe kwenye nyongo nayo hutokea. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu.

Na kwa sisi wa Muthara: miraa si dayati. Inaua njaa mchana, kweli, lakini unaishushia na soda, kisha handas za miraa zikikatika usiku unamaliza sufuria ya mukimo.

Kwenye jaribio la DiRECT la Uingereza, lililowapa wagonjwa wa kisukari takriban kalori 850 kwa siku, chakula kilirudishwa kwa wiki 2 hadi 8, mlo mmoja mmoja. Karibu nusu walikuwa hawana kisukari wala dawa zake mwaka ulipoisha. Mwaka wa pili walibaki kama theluthi. Fanya vivyo hivyo: anza na chakula cha mchana, managu au terere tele, maharagwe, na nduma isiyozidi ngumi yako. Chapati zingoje.

Chai iangalie zaidi. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku, ni gramu 60, yaani kalori 240 ambazo hakuna anayezihesabu kuwa chakula. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Jipime mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile. Zikipanda kilo mbili, rudi kwenye vipimo vidogo wiki hiyohiyo, usingoje Januari. Tembea saa nzima kila siku; bodaboda iwe ya mizigo.

Kwenye harusi na matanga, ambako kukataa sahani ni kumdharau aliyepika, mwahi kabla hajapakua: “Mama, niwekee nusu, nitarudi kuongeza.” Halafu usirudi.