Surua na Macho ya Wadogo Zetu

Leo tuache ushairi kidogo, tuzungumzie macho.

Katika ploti yetu ya Kayole kuna mtoto wa jirani aliyeugua surua, ugonjwa ambao nyanya zetu huuita ukambi. Alikuwa na umri wa miaka miwili. Kwanza homa, kikohozi na mafua, halafu macho yakawa mekundu, yenye machozi na matongo, na mwangaza hakuutaka kabisa. Vipele vilikuja baadaye. Si mnajua ploti zetu, kila mtu ni daktari! Mmoja akasema atiwe maziwa ya mama jichoni, mwingine chai ya rangi. Akatiwa vyote viwili. Alipofikishwa hospitalini, jicho la kushoto lilikuwa na kidonda, na mpaka leo lina chamba cheupe.

Virusi vya surua hufikaje machoni? Huingia kwa hewa kupitia puani na kooni, kisha husambaa mwilini hadi kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Kwa mtoto aliyelishwa vizuri, uvimbe huo hupoa wenyewe. Taabu ni kwamba surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, na konea ikiikosa hukauka, hulainika, hata hutoboka. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaagiza kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, yuniti 200,000 kila siku kwa aliyetimiza mwaka mmoja. Sukuma wiki, karoti na maini pia zina faida, lakini ziliwe kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Chai ya rangi jichoni huongeza vijidudu tu.

Tusichanganye haya na macho mekundu yaliyoenea Mombasa mapema mwaka 2024. Hayo hayana chanjo; dawa yake ni kunawa mikono na kutotumia taulo moja.

Surua ina chanjo. Hapa Kenya sindano ya kwanza ni ya miezi 9, lakini kati ya watoto 100 wanaodungwa umri huo, kama 85 ndio hupata kinga. Kwa hiyo mwaka 2013 iliongezwa ya pili, ya miezi 18. Mei 2016 ilikuja kampeni ya surua na rubela iliyolenga watoto milioni 19, wa miezi 9 hadi miaka 14. Bila shaka mnakumbuka, maana wengine wenu mlijificha chooni!

Niliomba kuona kitabu cha kliniki cha yule mtoto. Sindano ya kwanza imeandikwa. Ya pili, pengo. Mamake aliniambia, "Alikuwa mzima, mwanangu, nikaona nisipoteze siku ya kibarua kwenye foleni." Jioni hiyo nilifungua kitabu cha mdogo wangu, ambaye ana miezi 20. Pengo lilelile. Mama alimpeleka Jumatatu.