Chupa Inaruka, Betri Inalipuka

Leo tunaingia maabara. Usifunue ukurasa haraka hivyo. Hata kama kemia inakupiga chenga, hili linakuhusu, hasa kama kwenu ni Kisorya au popote kando ya ziwa ambako watu wanavua dagaa usiku.

Jaribio lenyewe ni la mwalimu, wewe unatazama. Anaweka vipande vya zinki kwenye chupa ya maabara, anamimina asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji. Mapovu yanaanza kupanda. Hiyo ndiyo haidrojeni:

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Anaiacha gesi itoke kwa muda ili iifukuze hewa iliyokuwa ndani. Kisha anachukua chupa ndogo ya plastiki, ile ya maji ya kunywa, anaijaza maji theluthi moja tu, anaiziba kwa kidole na kuipindua ndani ya beseni la maji. Gesi inaletwa kwa mrija, inaingia chupani na kuyasukuma maji nje. Maji yakiisha, theluthi moja ya chupa ni haidrojeni, na theluthi mbili ni hewa hii hii tunayovuta.

Chupa inasimamishwa juu ya kijiti, mdomo ukiwa chini. Kwa nini chini? Kwa sababu haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi. Ukigeuza mdomo juu, gesi inakutoroka na wewe unabaki na chupa tupu. Wanafunzi wote wanarudi nyuma, chupa ya asidi inaondolewa mbali, mwalimu anavaa miwani ya kukinga macho na kusogeza moto uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Puu! Chupa hiyooo, inapaa. Darasa zima linapiga kelele: "Mwalimu, rudia!"

Kilichoirusha ni mvuke. Haidrojeni imeungana na oksijeni kwa ghafla, ukatokea mvuke wa maji wenye joto kali, ukatanuka na kutoka mdomoni kwa kasi. Mvuke unakwenda chini, chupa inakwenda juu. Iokote uangalie ndani, utaona ukungu wa maji. Roketi iliyopeleka watu mwezini mwaka 1969 nayo ilichoma haidrojeni katika hatua zake mbili za juu, ila kule angani hakuna hewa, kwa hiyo ilibeba oksijeni yake yenyewe.

Sasa sikiliza kitu ambacho wengi wanakikosa kwenye mtihani na hata nje ya mtihani. Haidrojeni tupu haina fujo, ukiiwasha inaungua kimya kimya. Kasheshe ni pale inapochanganyika na hewa. Ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko, cheche moja inatosha. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye haraka, anayewasha moto kwenye mrija kabla hewa haijaisha ndani, hupasua chupa ya kioo usoni mwake. Chupa yetu ya plastiki iliruka kwa sababu mdomo ulikuwa wazi. Kioo kilichozibwa hakiruki, kinapasuka.

Haya, tutoke maabara twende mwaloni. Zamani dagaa walivuliwa kwa taa za karabai. Siku hizi wavuvi wengi wanatumia taa za umeme, na umeme unatoka kwenye betri kama zile za gari au pikipiki. Asubuhi betri inapelekwa kuchajiwa. Ndani yake kuna risasi na maji yenye asidi ya salfa. Betri ikikaribia kujaa, umeme unaanza kuyapasua yale maji:

2H₂O → 2H₂ + O₂

Umeona hesabu hiyo? Haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, kipimo kile kile zinachohitaji kuungana. Mwalimu alitumia hewa, ambayo oksijeni yake ni kama moja ya tano tu. Betri inajitengenezea mchanganyiko mkali kuliko wa mwalimu, tena haina rangi wala harufu ya kukustua. Halafu anakuja mtu gizani, anafungua kizibo kuangalia maji, anawasha kiberiti ili aone vizuri! Au ana sigara mdomoni. Au anang'oa nyaya kabla ya kuzima chaja, cheche inaruka. Ganda la betri linapasuka, na asidi inafika kwenye macho ya yule aliyeinama.

"Lakini kaka yangu amefanya hivyo miaka yote na hajapata kitu." Sawa, labda upepo wa ziwa ulikuwa unaitawanya gesi. Siku akifungia betri chumbani, upepo huo haupo. Kwa hiyo betri ichajiwe mahali penye hewa, si chumba cha kulala. Zima chaja kwanza, ndipo ung'oe nyaya. Kuangalia maji, tumia tochi.

Na asidi ikiingia jichoni? Hapo usikimbilie hospitali kwanza, kimbilia maji. Mlaze mgonjwa ubavu, jicho lililoumia liwe upande wa chini, lishikilie wazi na umwagie maji safi mfululizo kwa dakika 20. Ni ndefu kuliko unavyofikiri, na atakuwa analia, endelea tu. Kama mko ndani ya mtumbwi, anza na maji ya ziwa. Kichocho kinajulikana, lakini asidi haingoji ufike pwani. Usitie maziwa, usitie magadi eti yaue asidi, wala dawa ya majani. Mkishamaliza, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepoa, na mwambieni mhudumu kwamba ni asidi ya betri na iliingia saa ngapi.