Nyumba Yako Uzeeni: Ikulishe Bila Kuipoteza

Wazee wengi katika kaunti wana mali lakini hawana pesa mkononi. Nyumba ilijengwa kwa jasho la miaka mingi, deni lake lilikwisha kulipwa, hatimiliki iko sandukuni. Hata hivyo, dawa za presha za mwezi huu zinangoja mtoto atume kitu kwa simu. Pesa za Inua Jamii, kwa waliofikisha miaka 70 na kusajiliwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ana kila sababu ya kuuliza: je, thamani iliyo katika kuta hizi inaweza kunisaidia ningali hai?

Inaweza. Lakini njia si sawa, na ile inayoleta pesa nyingi kwa mara moja ndiyo huwaacha wazee bila makao.

Njia ya kwanza kuipima ni kupangisha sehemu ya nyumba. Watoto wamehama, vyumba vimebaki vitupu. Mzee anayepangisha vyumba viwili kwa shilingi 8,000 kila kimoja hupata 16,000 kwa mwezi, na hatimiliki haitoki sandukuni. Pale panapohitajika mlango wa kando au choo cha pili, gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kumwita fundi: ni miezi mingapi ya kodi itairudisha?

Mkataba uandikwe, hata kama mpangaji ni jamaa. Hasa kama ni jamaa, kwa sababu huyo ndiye mgumu kudaiwa. Utaje kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, nani analipa maji na stima, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Risiti itolewe kila mwezi.

Kuna pia ushuru. Tangu Januari 2024, mkazi anayepata kodi ya nyumba ya kuishi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba viwili vya hapo juu huleta 192,000 kwa mwaka, chini ya kiwango hicho, lakini mapato hayo bado hutajwa katika ritani ya kila mwaka. Vyumba vitatu vya 9,000 huleta 324,000, na ushuru wake ni 24,300 kwa mwaka. Aliyesajiliwa kulipa kila mwezi hujaza ritani hata mwezi ambao vyumba havikuwa na mpangaji.

Kuuza kipande cha ardhi ni njia ya pili, kwa mwenye kiwanja kikubwa. Shamba likiwa la kilimo, kuligawa na kuuza kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 baada ya makubaliano. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili, hata kama pesa zilikwisha kupokewa na kutumika. Njia ya kupita, kisima na makaburi ya familia vionyeshwe kwenye ramani ya mpimaji kabla ya mnunuzi kuweka ua.

Kisha kuna mkopo wa benki. Baadhi ya wakazi wamesikia kuhusu Marekani, ambako mwenye nyumba aliyefikisha miaka 62 anaweza kukopa kwa dhamana ya nyumba yake bila kulipa kila mwezi. Deni hulipwa nyumba ikiuzwa, mwenyewe akihama au akifariki. Mkopo wa kawaida wa benki zetu kwa dhamana ya hatimiliki hauendi hivyo. Unadai malipo kila mwezi. Shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 15, ikilipwa kwa miaka 5, hudai takriban 23,800 kila mwezi. Mzee asiye na pensheni wala kodi inayofikia kiasi hicho hana pa kuzitoa, na benki ikikubali kumkopesha, haimaanishi kwamba ataweza kulipa.

Hatari zaidi ni mkopo usio wake. Kijana anataka kununua matatu au kufungua duka, hana dhamana, anaomba hati ya baba. Biashara ikianguka, nyumba inayouzwa ni ya mzee. Anayeombwa hati aulize swali moja mbele ya familia nzima: biashara isipoleta hata shilingi kwa miezi sita, nani atalipa? Jibu likikosekana, kukataa si ukosefu wa upendo.

Sheria imeweka kinga. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya maandishi ya mume na mke, na saini ya kughushi inaweza kupingwa mahakamani. Mkopaji aliyechelewa hupewa notisi ya angalau miezi 3 kulipa deni, kisha notisi nyingine ya angalau siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa, na benki inatakiwa kuifanyia tathmini ya thamani kwanza. Notisi hizo zisifichwe chini ya godoro. Mwezi wa kwanza wa shida ndio wa kwenda benki kuomba malipo yapangwe upya.

Wengine huamua kuwahamishia watoto hati mapema ili watunzwe. Hati ikibadilishwa jina, mzee anaishi hapo kwa hisani. Wosia ulioandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili huwapa watoto nyumba baada ya kifo, na unaweza kubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa na akili timamu. Anayetaka kuhamisha sasa amwombe wakili aandike haki yake ya kukaa humo maisha yake yote.

Kabla ya hatua yoyote, mwenye nyumba afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kuthibitisha kwamba jina lake ndilo lililo kwenye rejista na hakuna rehani wala zuio asilolijua. Ada za ardhi anazodaiwa na kaunti azilipe, kwa kuwa cheti cha kutodaiwa huhitajika wakati wa kuuza. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Hati ya awali isiachwe kwa dalali hata siku moja. Nakala inatosha kwa mazungumzo.