Trekta Kuukuu Linapokataa Kuwaka
Mafundisho kwa wakulima wa Mwanza na ukingo wa Ziwa Victoria

Mkulima, mvua za kwanza zinapoanguka katika nchi ya Usukuma, mwezi wa Oktoba au Novemba, siku njema za kulima huwa chache. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu hauingiliki kwa jembe, na ukishiba maji trekta huzama. Basi trekta likisimama wiki moja wakati huo, hasara yake si bei ya spea tu, bali pia ni pamba na mahindi yaliyochelewa kupandwa. Kwa hiyo yakupasa ujue kutafuta kosa wewe mwenyewe kabla ya kumwita fundi au kwenda mjini na fedha mkononi.

Maelezo haya yanafuata trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa mwaka 1964, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Matrekta mengine ya zamani yanafanana nalo katika mambo mengi.

Kanuni kubwa ni hii: usinunue kitu kabla ya kupima. Anza na jambo rahisi lisilo na gharama. Tengeneza jambo moja tu, kisha jaribu tena. Ukibadili vitu vitatu kwa mara moja, hata injini ikiwaka hutajua kosa lilikuwa wapi.

1. JILINDE KWANZA

Funga breki, weka gia huru, na utie mawe mbele na nyuma ya magurudumu; mawe hayakosekani Mwanza. Usivute sigara karibu na betri, maana hewa itokayo ndani yake hulipuka.

Tena, usiunganishe nyaya za stata kwa bisibisi huku umesimama chini mbele ya gurudumu. Trekta hili lina swichi inayozuia stata kuzunguka iwapo gia ya wepesi na uzito haiko mahali pa kuwashia. Ukiipita swichi hiyo kwa bisibisi na gia ikiwa imeingia, trekta huondoka na kumkanyaga aliyeliwasha. Wako watu waliokufa kwa namna hii.

2. STATA HAIZUNGUKI, AU INAZUNGUKA KWA UVIVU

Watu wengi hukimbilia kununua betri mpya, na aghalabu betri ya zamani ilikuwa nzima. Fanya jaribio hili kwanza. Washa taa kubwa, kisha mwambie mwenzako ageuze ufunguo nawe utazame taa.

(a) Taa zikibaki na mwanga uleule, umeme haufiki kwenye stata. Tazama kama gia ya wepesi na uzito iko mahali pa kuwashia. Kisha tazama waya mwembamba uendao kwenye stata, kama umekatika au umechomoka.

(b) Taa zikififia sana au kuzimika, ama betri haina nguvu ama viungo vya nyaya havishiki. Shika kwa uangalifu kila kiungo mara baada ya kujaribu kuwasha. Kiungo kilicho cha moto ndicho kibovu.

Usisahau waya mnene utokao kwenye betri na kufungwa kwenye chuma cha trekta, uitwao waya wa ardhi. Umeme huenda kwenye stata kwa waya mmoja na kurudi kwa huu. Rangi, kutu au tope likiwa chini ya nati yake, njia ya kurudi imezibwa. Fungua, kwangua chuma mpaka king'ae, kisha kaza sana.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza, kisha paka grisi juu. Unapofungua betri, toa waya wa ardhi kwanza. Unapoirudisha, ufunge waya huo mwisho. Angalia pia alama za chanya na hasi: matrekta mengine ya zamani, kama Ferguson TE20, yalifungwa upande wa chanya kwenye chuma.

Ukiwa na kipimo cha volti, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe kwanza.

3. STATA INAZUNGUKA VIZURI, LAKINI INJINI HAIWAKI

Sasa kosa si la umeme. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inahitaji hewa, mgandamizo na mafuta. Tazama bomba la moshi stata inapozunguka. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Ukiona moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayaungui.

Mafuta yasipofika, fuata njia yake tangu tangi hadi injini. Je, tangi lina dizeli? Je, koki iko wazi? Je, kamba ya kuzimia injini imerudi ndani yote? Mara nyingi kamba hiyo hukwama kwa kutu, na mtu hufungua injini nzima bure.

Kisha mwaga maji na taka zilizotuama chini ya chujio. Dizeli ya pipa huwa na maji. Acha pipa litulie siku moja kabla ya kuchota, wala usichote mpaka chini kabisa.

Tangi likiisha mafuta, au chujio likibadilishwa, hewa huingia katika mabomba, na injini haitawaka mpaka hewa itolewe. Fanya hivi:

Kwanza, legeza skrubu ya hewa juu ya chujio. Piga mkono mdogo wa pampu ya mafuta mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha kaza. Mkono ukiwa hauna nguvu, zungusha injini mzunguko mmoja, kisha piga tena.

Pili, fanya vivyo hivyo kwenye skrubu mbili za pampu ya nozeli. Anza na ya chini, kisha ya juu.

Tatu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha stata mpaka mafuta yatoke, kisha kaza zote. Usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka kwa nguvu, maana hupenya ngozi na kuleta jeraha baya.

Usizungushe stata zaidi ya nusu dakika kwa mara moja, iache ipoe.

4. INJINI INAWAKA, LAKINI HAIFANYI KAZI VEMA

Moshi mweusi: hewa haitoshi, au jembe limezama mno. Chujio la hewa la trekta hili lina bakuli la oili. Wakati wa vumbi, likague kila siku. Oili ikiwa nzito kwa tope, imwage, osha bakuli, utie mpya hadi kwenye alama.

Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Hapa mwite fundi.

Joto kupita kiasi: tazama mkanda wa feni, na uondoe mbegu za majani zilizoziba rejeta. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Betri kuisha kila siku: injini ikienda kasi, kipimo kionyeshe kama volti 14. Kikibaki 12, tazama mkanda na nyaya za dinamo kabla ya kuilaumu betri.

Jembe haliinuki: tazama kama wenzo wa shafti ya nyuma umeingizwa, maana shafti hiyo ndiyo inayoendesha pampu ya kuinulia. Kisha pima oili ya gia, ambayo ndiyo hiyohiyo inayoinua jembe.

5. OILI CHAFU

Usimwage oili kuukuu mtaroni. Mto Mirongo unapita katikati ya mji wa Mwanza na kuingia ziwani, na watu huvua samaki katika maji hayohayo. Iweke katika debe lenye kifuniko.

KUMBUKA

Tazama kabla ya kufungua. Pima kabla ya kununua. Badili jambo moja kwa wakati. Fanya ukaguzi huu mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu, wala usingoje wingu la kwanza. Na ukilazimika kumwita fundi, mweleze yote uliyoyapima na uliyoyaona. Atamaliza kazi upesi, nawe utalipa kidogo.